Kamba ya Tatu

Mjukuu wangu hajakaa kitako tangu alipojua kutambaa, ndiyo maana nyumbani tunamwita Kiroboto. Mama yake, ambaye ni binti yangu na ni fundi cherehani, aliwahi kumfunga kwa utepe kwenye mguu wa cherehani ili apate kumaliza mshono mmoja bila kukimbizana. Mtoto alivuta utepe mpaka cherehani nayo ikaanza safari.

Ninaandika habari zake kwa sababu majirani wanazisimulia visivyo. Wanasema alifeli mtihani wa udaktari kwa kuogopa maiti. Yule mtoto haogopi maiti. Aliyemfelisha namjua, na nikifika mahali pake nitamtaja.

Kwanza mjue kazi yangu. Miaka ishirini na tisa nilipiga deki chumba cha anatomia pale chuo kikuu. Ni chumba kirefu chenye madirisha ya juu, sakafu ya saruji inayoteremka kuelekea mfereji, na meza kumi na mbili za chuma. Juu ya kila meza pana maiti iliyotiwa dawa isioze, na kila meza ina wanafunzi wanane wa mwaka wa kwanza. Wanaipasua kidogo kidogo mwaka mzima, wanajifunza kila kitu kilipokaa. Wiki hizi mkono, wiki zile kifua, baadaye tumbo. Dawa yenyewe inachoma macho kama kitunguu, na harufu yake haitoki kwa sabuni. Binti yangu alikuwa hataki niguse nguo za wateja wake hata siku yangu ya mapumziko. "Mama, mikono mbali. Bibi harusi wa watu ataolewa ananuka maiti."

Shule niliishia darasa la tatu, lakini masikio yangu yaliendelea kusoma. Ukishika fagio hakuna anayekuona. Wanafunzi wanakariri juu ya kichwa chako, wanabishana, wanaulizana, na mwaka ukiisha wanakuja wengine kukariri yaleyale. Walichokikariri kuliko vyote ni kifundo cha mkono, hapa pembamba kabla ya kiganja, kwa sababu pamesongamana vitu vingi kama mkoba wa mwanamke. Walihesabu kuanzia upande wa dole gumba. Moja, bomba la damu, lile unalolisikia ukipima mapigo. Mbili, kamba nene, yaani kano inayovuta kiganja. Tatu, kamba nyembamba. Nne, chini ya hiyo ya tatu, waya, yaani mshipa wa fahamu. Tano, kamba za vidole. Sita bomba, saba waya, nane kamba ya mwisho. Wao walikuwa na majina marefu ya kitabuni. Mimi nilivipa majina yangu, na hesabu ikakaa.

Kiroboto akitoka shule alikuwa anakuja kunisubiri kwenye benchi la koridoni, maana ndani hakuruhusiwa. Ili asinivunjie vioo vya watu, nilimshika mkono na kumhesabia. "Kunja kidogo. Umeiona hiyo iliyosimama katikati? Ndiyo ya tatu." Alikuwa na miaka saba. Akawa anaimba hesabu ile akiruka kamba. Nilijisifu kwa kila aliyepita koridoni kwamba kwa kifundo cha mkono hakuna daktari atakayemfikia mjukuu wangu, na waliopita hawakuwa wachache.

Akakua, akapata nafasi ya udaktari palepale. Nilivyotembea mtaani siku ile sisemi.

Sasa huo mtihani. Wanauita mtihani wa vibendera. Fundi wa miili, yule anayezitia maiti dawa na kuzitunza, anachomeka pini zenye vibendera vya karatasi, namba moja mpaka arobaini, huku na huku kwenye meza zote. Mwanafunzi anasimama mbele ya kibendera dakika moja, anaandika jina la kitu kilichochomwa, kengele inalia, anasogea. Kugusa hakuna, kurudi nyuma hakuna. Ukipata ishirini umepita. Usipopata, unarudia mara moja tu, na ukianguka tena unaondolewa chuoni, unarudi kwenu na koti lako jeupe.

Kiroboto alipata kumi na saba.

Aliingia nyumbani Jumanne mchana, koti bado mwilini, akapita mlangoni mpaka kwenye pipa la maji, akarudi mlangoni, akaenda tena.

"Mke mwenza," nikamwambia, maana ndivyo tulivyoitana tangu babu yake alipokuwa hai akimwita mchumba, "vua hilo koti, unatutia harufu."

"Nimefeli, bibi."

Binti yangu akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Umefelia wapi?" nikauliza.

"Wamebandika alama za kila meza. Meza ya tatu palikuwa na mkono mmoja una vibendera vinne. Nimepata sifuri, vyote vinne. Kwingine najua nilipokosea, lakini vile nilivijua, bibi. Nilihesabu. Nilihesabu mara mbili."

"Basi walichomeka vibaya."

"Mama," binti yangu akasema, "hata hiyo maiti hujaiona."

"Nimeona maiti nyingi kuliko wewe ulivyoona vitambaa."

"Mimi nasema tu. Kama udaktari umemkataa, cherehani ya pili ipo pale, inakula vumbi."

"Udaktari haujamkataa mtu. Wamechomeka vibaya."

Marudio yalikuwa baada ya wiki tatu. Chuoni hakutaka kukanyaga. Alisema wenzake wa mezani wanamtazama kama mtu aliyefiwa, na kupewa pole asubuhi mpaka jioni kunamchosha. Akashinda nyumbani na kitabu mkononi, mlangoni mpaka kwenye pipa, kwenye pipa mpaka mlangoni, akihesabu kwa sauti. Vikombe vikatetema kabatini. Binti yangu akashona mkono wa blauzi ndani nje. Mimi nilichambua mchele uleule mara mbili, nikaupika na mawe yake.

Jumatatu nikavaa viatu, nikaenda chuoni.

Fundi wa miili nilimkuta mlangoni, amezeeka lakini mdomo ni uleule. "Bi Deki," akaniita jina langu la kazini, "umerudi kuomba kazi, au umekuja kujiandikisha ulale mezani?"

"Nikilala hapo nani atanishughulikia, wewe? Samaki tu anakushinda."

Nikampita. Mwalimu wa anatomia alikuwa ndani, anafunika meza kwa mashuka ya plastiki. Nilimjua tangu akiwa mwanafunzi. Siku yake ya kwanza alizimia, na aliyemwokota chini ni mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Meza ya tatu mlichomeka vibaya."

Hakucheka. "Nani kakwambia?"

"Mjukuu wangu. Alihesabu."

"Ndilo kosa lake, mama. Alihesabu." Akanisogezea kigoda nikakikataa. "Ule mkono hauna kamba ya tatu. Wapo watu wanaozaliwa bila hiyo kamba, wala si ugonjwa. Ukihesabu kwa kukariri, ukifika ya tatu unaupa waya jina la kamba, na vyote vinavyofuata vinasogea nafasi moja. Tuliuchagua makusudi, kwa sababu wanakariri, hawatazami. Siku ya kusahihisha nilimwonyesha kila mtu. Yeye hakuja."

"Hakuna mtu anayezaliwa bila kamba. Nimefanya kazi humu miaka ishirini na tisa."

"Naomba mkono wako, mama."

Nikampa, kwa jeuri. Akaniambia nikutanishe dole gumba na kidole cha mwisho, halafu nikunje kiganja kuelekea kwangu. Nikakunja. Katikati palikuwa tambarare. Nikakunja tena kwa nguvu mpaka mkono ukatetemeka, pakabaki vilevile. Fundi, ambaye hakuna aliyemwalika, akakunja wa kwake karibu na wangu, na kamba ikasimama kama waya wa kuanikia nguo. Nikabadilisha mkono. Huo nao hamna kitu.

"Huna, mama," mwalimu akasema taratibu. "Mikono yote miwili."

"Nilikuwa nabeba ndoo mbili mbili."

"Na ungebeba zaidi. Haina kazi kubwa."

"Kumbe ndiyo maana sakafu ilikuwa inabaki na michirizi," fundi akasema.

 Nilikuwa nafikiria miaka yote ile, mkono niliouhesabia ulikuwa wa mtoto. Wa kwangu sikuwahi kuukunja hata siku moja, maana nilikuwa najua.

"Mwambie asihesabu," mwalimu akasema. "Afuate. Kamba ukiifuata kwenda juu, njiani inageuka nyama. Waya unabaki waya mpaka kwapani. Aje ashike kwa mikono yake, chumba kiko wazi kila alasiri. Akibaki na hesabu ileile ataanguka tena."

Nilitoka bila kuaga.

Nyumbani nilimkuta kati ya pipa na mlango. "Wamesemaje, bibi?"

"Wamesema usome."

Niliahidi kumtaja aliyemfelisha. Ni huyu anayeandika. Na si kwa kumfundisha vibaya tu, maana hilo nililifanya bila kujua. Ni kwa zile siku zilizofuata, kwa sababu Jumatatu nilijua, na Jumanne nilijua, na Jumatano nikaketi kwenye mkeka nikimsikiliza anahesabu, akiruka kimoja namrudisha. "Sita ni bomba, umeruka." Ulimi ulikuwa unaniwasha. Nikitaka kusema nawaona watu wote wa koridoni niliowatambia, na fundi na waya wake wa kuanikia. Nikajiambia nitasema kesho kwa njia nyingine, njia isiyonipitia mimi.

Nikajaribu. "Leo usihesabu, tazama picha za kitabu."

"Picha zote zinafanana, bibi. Hesabu yako ndiyo inayonisaidia."



Ijumaa akasimama mbele yangu. "Nipe mkono wako nihesabu. Wangu nimeuzoea, nauona hata nikifumba macho."

"Nina unga mikononi."

"Huna unga, bibi."

"Mwache bibi yako," binti yangu akasema kutoka kwenye cherehani, halafu akanitazama, akaona mikono yangu nimeificha makwapani. Yule nilimzaa mimi. Akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

Nikautoa mkono. "Hesabu."

Akaushika, akaanza kwenye dole gumba. "Moja. Mbili. Kunja, bibi." Nikakunja. "Kunja vizuri."

"Nimekunja."

Akabonyeza katikati, akabonyeza tena, akaugeuza mkono kwenye mwanga wa mlangoni. "Ya tatu iko wapi?"

"Sina. Nilizaliwa bila hiyo, nasikia. Mkono wa meza ya tatu nao uko hivyohivyo." Nikamweleza yote, kamba inayogeuka nyama, waya unaofika kwapani, chumba kilicho wazi kila alasiri. Nilieleza haraka haraka kama mtu anayetapika.

Alisikiliza amesimama, hatikisiki, na kwa mtu kama yeye hilo lilinitisha kuliko kelele.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Leo Ijumaa."

"Siku nazijua."

"Siku tano nimehesabu mbele yako, na ulikuwa unanisahihisha."

 Kuomba radhi sikuzoea, na neno lenyewe likawa halitoki hata nilipolisukuma. Akauachia mkono wangu, akachukua koti msumarini, akatoka.  Mama yake akarudisha mguu kwenye cherehani, akashona mstari mrefu usio na nguo.

Zilibaki siku kumi na moja. Kila alasiri Kiroboto alikuwa chuoni, anarudi jua likizama, ananuka dawa ileile niliyokuwa nanuka mimi. Ananiamkia, naitikia, basi. Ile mke mwenza ilikufa. Aliniita bibi kama anavyomwita ajuza yeyote wa njiani. Mimi nilisugua nyumba. Nilisugua sakafu, sufuria, miguu ya cherehani, mpaka binti yangu akaniuliza kama namtafuta mtu chini ya saruji.

Habari nilizipata kwa fundi, niliyemsubiri getini akitoka kazini nikijifanya napita. "Huyo mtoto wako ni balaa," aliniambia. "Hakai mezani kwake. Anazunguka zote kumi na mbili. Anavaa glavu, anafumba macho, anaanzia kwapani anateremka na vidole mpaka kiganjani, halafu anarudi juu. Kwenye mikono ishirini na minne amepata mitatu isiyo na ile kamba. Mwalimu mwenyewe aliijua miwili."

"Amekula?"

"Kwa hilo hujaniajiri."

Siku ya marudio alirudi adhuhuri. Alimsimulia mama yake, lakini sauti ilikuwa ya kunifikia na mimi. Kibendera cha ishirini na sita kilikuwa kwenye kifundo cha mkono, na mkono wote kutoka hapo kwenda juu walikuwa wameufunika kwa kitambaa. Pameachwa wazi mahali kama upana wa vidole vinne.

"Kwa hiyo huwezi kufuata," mama yake akasema.

"Huwezi. Ulimi ukaanza wenyewe, moja, mbili. Nikauma ulimi. Nikatazama tu. Kamba inang'aa, na kile hakikung'aa. Kilikuwa kama nyuzi nyingi zilizolazwa pamoja. Nikaandika waya. Kengele ikalia."

"Basi ni waya."

"Sijui, mama. Labda mwanga ulikuwa mbaya. Na cha ishirini na saba sikukiona vizuri kwa sababu nilikuwa bado nafikiria cha ishirini na sita."

Akaendelea na safari yake ya mlangoni na kwenye pipa.

Majibu yalibandikwa Alhamisi. Akasema haendi, atakwenda kesho, au Jumatatu. Binti yangu alikuwa na gauni la mtu la kumaliza. Nikavaa viatu. Hakunituma mtu, na hakunikataza mtu.

Ubao uko juu, ghorofa ya pili, na ngazi zake zimejengwa kwa ajili ya vijana. Karatasi zilikuwa zimebandikwa bega kwa bega, watu wamejaa, wengine wanakumbatiana na wengine wanatazama viatu vyao. Majina hawaandiki, wanaandika namba. Nikapenya. Namba yake niliijua kama ninavyojua mlango wangu, mia tatu na kumi na tisa. Nikapitisha kidole, nikaipata. Nikapitisha tena kuanzia juu, nikaipata palepale. Nikarudi nyumbani mbio, kwa mbio zangu.

"Namba yako ipo," nikamwambia.

Akasimama. "Umeona vizuri?"

"Nimeona mara mbili. Mia tatu na kumi na tisa."

"Orodha zipo mbili, bibi. Moja ya waliopita, moja ya wanaoondolewa. Ilikuwa ipi?"

Nilifungua mdomo kusema ya waliopita. Neno lilikuwa tayari ulimini, na nilikuwa nalitaka liwe kweli kwa roho yangu yote. Binti yangu alikuwa ananitazama, sindano mdomoni.

"Sijui," nikasema. "Juu ya karatasi sikusoma. Niliona namba nikakimbia."

Alivuta pumzi ndefu. Akachukua mkoba wake, akatoka, nami nikatoka nyuma yake. Hakunisubiri, lakini kwenye kila kona alipunguza mwendo mpaka akasikia viatu vyangu, ndipo akaongeza. Tulifika juu mimi sina hewa.

Hakwenda kwenye namba. Alianzia juu kabisa, akasoma kichwa cha karatasi neno kwa neno, kidole chini ya kila neno, midomo ikitembea. Halafu akateremka mstari kwa mstari, hakuruka hata mmoja. Nilitaka kumwonyesha ilipo. Nikashika mikono yangu mwenyewe.

"Ishirini na tatu," akasema. "Nimepita."

Nikamwambia nimekosa mimi, zile siku tano. Lilitoka dogo, katikati ya kelele za watu, sijui hata kama alilisikia lote. Akanitazama kidogo.

"Cha ishirini na sita hawajaandika," akasema. "Wameandika jumla tu. Bado sijui kama ulikuwa waya."

"Si umepita."

"Sijui kama ulikuwa waya, bibi. Fundi haondoi vibendera mpaka leo jioni." Akanisukumia mkoba wake mikononi. "Nishikie. Kaa kwenye ngazi, usinifuate, utaanguka."

Akashuka ngazi mbili mbili kuelekea chumba cha anatomia, na mimi nikabaki juu na mkoba, katikati ya watoto wa watu, nikivisikiliza viatu vyake mpaka vikaacha kusikika.